Farasi Tuliyembomolea Ukuta

Siku niliyomfikisha farasi nyumbani, nusu ya kijiji ilikimbia na nusu nyingine ikaja mbio, wakawa wanapigana vikumbo njiani. Sisi watu wa kaskazini ya Dodoma, upande wa Makutupora, tulijua ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Farasi tulikuwa tumemwona kwa mbali tu, Mjerumani akiwa mgongoni, na Mjerumani akipita macho yote huwa kwake yeye, hakuna anayemtazama mnyama. Sasa huyu hapa, mrefu kuliko mapaa yetu, hana mtu mgongoni, anachechemea, na anayemvuta kwa kamba ni mimi!

Nilikuwa nimempata siku iliyotangulia, kambini. Reli ilikuwa imefika Dodoma, na mimi nilikuwa kibarua wa kubeba udongo wa tuta. Bwana mmoja wa Kijerumani alikuwa na farasi jike mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Tandiko lilikuwa limemchuna bega hadi jeraha likaingia mabuu, kisha akajikwaa kwenye mataruma ya reli, mguu wa mbele ukavimba kama mtungi. Yule bwana akatoa amri aondolewe machoni pake, apelekwe nyuma ya kilima na bunduki. Aliyeamriwa ni mtunza farasi wake, Mrangi wa Kondoa, mtu mzima mwenye kanzu iliyofifia na sauti ya taratibu. Mimi nilipewa kazi ya kumsukuma farasi kwa nyuma.

Tulipofika nyuma ya kilima yule Mrangi akaishusha bunduki, akaiegemeza kwenye jiwe, akakaa.

"Ndugu yangu," akaniambia, "kwenu kuna maji?"

"Yapo. Kuna chemchemi."

"Basi mchukue. Nimeambiwa nimwondoe machoni pa bwana. Sikuambiwa nimwondoe duniani."

Akapiga risasi moja hewani. Farasi akaruka kwa miguu mitatu. Mimi nikaruka kwa yangu miwili. Yule mzee akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akanikabidhi kamba.

Najua msomaji ataniuliza: kibarua mwenye akili zake anamtakia nini farasi anayekufa? Nami nilijiuliza hivyo njia nzima. Jibu ni kwamba sikutaka kurudi nyumbani mikono mitupu, na sikuwa na neno la kurudi nalo.

Miezi minane kabla ya hapo, ndui ilikuwa imeingia kijijini kwetu. Tulikuwa na watoto watatu. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, akafa. Siku ya nne yake akafuata kitindamimba aliyekuwa bado ananyonya. Akabaki wa katikati, binti wa miaka mitatu, na mama yao, uso umejaa makovu. Habari zilinifikia kambini ugonjwa ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Sikwenda. Nilipokuja baadaye, yote yakiwa yamekwisha, nilimwambia mke wangu kwamba mnyapara alinikatalia ruhusa. Alinipakulia ugali wa uwele, akaniwekea mlenda, akaenda kukaa upande wa pili wa ua.

Kabla ya hapo alikuwa ananiita baba wa mtoto wetu wa kwanza, kwa jina la yule mtoto, kama wanavyoitana mume na mke kwetu. Baada ya msiba hakuniita kitu. Akiwa na haja nami alisema "wewe", na mara nyingi hakuwa na haja.

Basi ndivyo nilivyofika na farasi. Watu wakatuzunguka. Vizee wakaziba midomo kwa viganja. Mke wangu alitoka na kata ya maji mkononi, akasimama mlangoni, akamtazama farasi kuanzia kwato hadi masikio, na mimi akaniruka kabisa. Na katika kule kusukumana, binti yetu akapenya kati ya miguu ya watu, akaenda moja kwa moja kusimama chini ya tumbo la farasi.

Farasi alikuwa na hofu, masikio ameyalaza nyuma. Mimi nilikuwa kichwani nimeshika kamba, sikumwona mtoto. Mke wangu alimwona. Akapiga ukelele, na ukelele huo ulikuwa jina langu la zamani, baba wa fulani, lile la mwanetu aliyekufa. "Mtoto! Mtoto yuko chini!"

Nikaganda. Farasi naye akaganda. Akainamisha shingo ndefu ile, akanusa utosi wa mtoto, akapuliza pumzi kwa nguvu puani. Binti yetu akacheka. Watu wote wakacheka, wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele hivyo mimi na mke wangu tulikuwa tunatazamana kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Halafu akasema, "Jua linashuka. Fisi watamla huyu."

Alisema kweli. Lakini mlango wa tembe yetu ulikuwa wa kuinama hata kwa mtu. Ng'ombe wetu wafupi walipita, farasi asingepita hata kwa kupiga magoti. Nilikuwa bado naupima mlango kwa macho nilipoona mke wangu anakwenda kwenye pembe ya nyumba na jembe mkononi. Pembe ile ilikuwa na chumba walimofia watoto. Tangu siku ile kilikuwa kimezibwa kwa magogo, hakuna aliyekiingia.

Akainua jembe, akaupiga ukuta.

Udongo ukamwagika. Akapiga tena. Nikamfunga farasi kwenye mti, nikachukua shoka, nikaenda kusimama kando yake, tukabomoa pamoja. Majirani wakadhani tumepagawa, kisha mmoja akaleta jembe lake, na mwingine lake. Tukashusha na udongo wa paa, tukang'oa boriti. Jasho linatiririka, vumbi jekundu limetujaa kopeni, na mtoto anaruka-ruka akiimba wimbo usio na maneno. Kabla giza halijashika, chumba kile kilikuwa uwazi mpana, mwanga wa magharibi umejaa ndani. Farasi akaingia. Tukaziba nyuma yake kwa miiba.

Kesho yake mke wangu akaanza tiba. Sikumwomba. Alichemsha maji ya chumvi, akaosha lile bega, akatoa mabuu moja moja kwa kijiti, akapaka samli. Mguu aliukanda kwa majani ya moto asubuhi na jioni. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata nyasi na kuchota maji, maana farasi anakunywa kama mchanga. Kambini sikurudi tena.

Jambo la kuchekesha ni namna tulivyoanza kusemezana. Mke wangu alikuwa anamwambia farasi: "Mwambie huyu bwana maji hayatoshi." Mimi nami namjibu farasi: "Mwambie mama huyu nimekwisha kwenda chemchemi mara tatu." Farasi anageuza sikio moja huku, jingine kule, kama karani wa boma. Binti yetu alidhani ndivyo watu wazima wanavyozungumza, akawa naye anatuma salamu kwa farasi.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo sitaisahau. Jua lilikuwa halijatoka. Nilikuwa narudi na nyasi begani, nikasikia sauti ya mke wangu nyuma ya ukuta. Alikuwa anamkanda farasi mguu na kumsimulia. Alimwambia jinsi mwanetu wa kwanza alivyoomba maziwa naye hakuwa nayo. Alimwambia jinsi alivyomfunga kitindamimba mgongoni akamzika kaka yake, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshika, kila nyumba ikiwa na wagonjwa wake. Yote ambayo sikuwahi kuuliza, alikuwa anamwambia mnyama.

Nikaweka nyasi chini, nikaingia, nikakaa. Aliniona. Hakuacha. Alisema mpaka mwisho, uso ameuelekeza kwenye bega la farasi.

Nilitaka kunyamaza. Lakini nikamshika farasi shingo, nikasema: "Mwambie mama huyu nilidanganya. Mnyapara hakunikatalia. Niliogopa ndui. Wengine waliomba ruhusa wakapewa, mimi sikuomba."

Farasi anatafuna.

"Mwambie," mke wangu akasema, "nilijua. Mume wa jirani alikuja kutoka kambini kwenu."

Alikamua kitambaa, akakichovya tena, akaendelea kukanda. Baadaye sana akageuka, akaniambia mimi mwenyewe, machoni: "Labda ungekuja ungekufa nawe. Hata hivyo nilitaka uje."

Nilichukua kitambaa mkononi mwake nikakanda mimi, naye hakukizuia. Siku ile ile alinipeleka makaburini. Nilikuwa sijawahi kuyaona. Tulikwenda wanne: yeye mbele, mimi na mtoto nyuma, na farasi, kwa kuwa mtoto alikataa kumwacha. Farasi akala majani pembeni sisi tukiwa tumekaa chini tunalia bila haya.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mguu ulikuwa umepona. Tulimtoa nje asubuhi, mbuga imeota kijani kibichi. Akasimama, akatikisa shingo, akanusa upepo. Halafu akaondoka! Jamani, mimi nimeona mengi, nimeliona gari moshi la kwanza likiingia Dodoma na kufukuza watu hadi vichakani, lakini sijaona kitu kama farasi yule akikimbia. Ardhi ilikuwa inalia ngoma. Matope yalikuwa yanaruka juu ya kichwa chake. Alikwenda hadi akawa nukta, tukadhani ndiyo basi, ametuaga. Mara nukta ikaanza kukua. Alirudi mbio kutuelekea, akasimama hatua tatu mbele yetu, anafuka mvuke mwili mzima. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu hata kucha zikaniachia alama, na alikuwa anapiga kelele kama msichana.

Baada ya hapo watu hawakukoma kuja. Mfanyabiashara wa Kondoa alituachia punda wake aliyeoza mgongo kwa soji, lile tandiko la mizigo, akisema hamtaki tena. Tukampokea. Mjane mmoja wa kijijini, ambaye mumewe alikwenda na mzigo wa safari ya Wajerumani asirudi, alianza kuja kumpaka punda yule dawa, akaishia kuja kila siku na wanawe wawili. Kwanza walikuwa hawasemi. Kufikia mavuno walikuwa wanagombana nani amnyweshe, na mama yao anawakaripia huku anatabasamu.

Halafu siku moja adhuhuri msafara ukatokea njia ya Kondoa: askari, wapagazi, na mbele yao, juu ya farasi mpya, yule yule bwana. Pembeni yake Mrangi wetu. Farasi jike wetu alikuwa wazi mbugani. Aliwanusa wenzake, akainua kichwa, akalia kwa sauti ya kufika Mpwapwa.

Niliona kiboko kwa macho ya moyo. Yule bwana akashuka, akamwendea farasi, akatazama lile doa la paji, akapapasa kovu la bega, akauinua mguu. Akasema neno kwa Kijerumani. Mrangi akatafsiri, midomo imekauka: "Anauliza nani amemtibu."

Kabla sijafungua kinywa mke wangu akatoka mbele, mikono ina samli. "Mimi. Na mwambie mlimtupa. Kilichotupwa hakina mwenyewe."

Mrangi akatafsiri. Sijui alitafsiri maneno gani. Yule bwana akamtazama mke wangu, na yale makovu ya uso wake, muda mrefu. Akamtazama mtunza farasi wake muda mrefu zaidi. Kisha akasema kitu kifupi, akapanda farasi wake, akaondoka bila kugeuka.

"Anasemaje?" nikamwuliza Mrangi.

"Anasema huyu si farasi wake," akajibu, sauti inamtetemeka kwa kicheko alichokizuia. "Farasi wake alikufa Dodoma. Ameandika mwenyewe kwenye barua ya boma, na Mjerumani haandiki uongo." Akakimbia kuwafuata.

Tuliwangoja wapotee kabisa. Kisha mke wangu akasema, "Nipandishe."

"Nini?"

"Nipandishe juu yake, baba." Alisema hivyo, baba, na jina la mwanetu likafuata, kwa upole, kama kitu cha kawaida.

Nikaunganisha viganja, akakanyaga, akapanda. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kukaa pale. Alishika manyoya ya shingo kwa mikono miwili, anacheka na kuogopa kwa pamoja, na farasi akaenda naye polepole kuzunguka mbuga, mimi na binti yetu tunakimbia kando, mjane na wanawe nyuma, punda nyuma yao.

Farasi yule aliishi nasi masika mawili. Masika ya pili maradhi ya mapafu yalimchukua kwa siku mbili tu, kama yalivyochukua farasi wengi wa nchi hii. Tulikataa fisi wamle. Ardhi ilikuwa nzito kwa maji, na kaburi la farasi si kaburi la mtu, lakini asubuhi ile majirani walikuja na majembe bila kuitwa, tukachimba hadi jioni. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, nikamwambia apumzike. Alikataa. Alikaa ukingoni akitupokea udongo kwa ungo, na kila mmoja wetu aliyepumzika alikwenda kukaa karibu naye, tukasimulia habari za farasi yule mpaka tukawa tunacheka ndani ya shimo.