Mwanangu Huniletea Kamba Mwenyewe

Nimechaguliwa kuwa mama wa mfano wa kikundi chetu, na mwanangu namfunga kamba.

Nimeanza na hilo kabla ujasiri haujaniishia. Sasa salamu zenu ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin nifichie jina, na wa huku kwetu Mbulumbulu mkinitambua nyamazeni kwanza. Nina miaka thelathini na sita, shule niliishia la saba, ila kwa kazi za mikono waulizeni wanaonijua. Shamba langu la maharage huoni gugu. Mume wangu ni mpishi wa kambi za watalii, akiingia hifadhini anakaa wiki mbili, tatu, na nyumba haijawahi kuyumba. Wakubwa wawili wako shule. Wa mwisho ni binti wa miaka minane, hapa nitamwita Elina.

Elina ana usonji. Hasemi, ila ni mzuri jamani, na kichwa chake kinashika mambo. Hamisha kikombe kimoja jikoni uone, atakirudisha pale pale. Zamani watu walisema amelogwa, nikawa simtoi nje. Aliyenitoa gizani ni Mama Josefa, anajitolea tu, naye ana mtoto mkubwa wa hivyo hivyo. Kila wiki alipanda kilima kwa miguu, anakaa chini na Elina wanapanga punje za mahindi. Ndiye aliyenifundisha kwamba mtoto huyu nifanye naye mambo kwa mpangilio uleule kila siku, asiogope. Kisha akatukusanya kina mama wenye watoto kama hawa, tukaweka zamu. Kila mama ana siku yake, mwenzake anakuja kushinda na mtoto, yeye anakwenda kulima.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Siku ya kupanga zamu nilisimama nikasema, "Yangu mpeni mwenye shida zaidi. Elina nikimuaga anatulia hadi nirudi." Na siku hizo ilikuwa kweli. Mmoja akasema, "Huyu hata akichemsha maji lazima tutangaziwe." Nikamjibu, "Si uje nikufundishe kuyachemsha." Tukacheka wote. Mama Josefa akanishika mkono, akawaambia, "Mnaona? Inawezekana." Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Haikupita wiki, nikatoka shamba nikakuta Elina hayupo. Nilimtafuta kila kona. Nilimwona ukingoni mwa msitu, amesimama anatazama kinyesi cha tembo ambacho bado kinafuka moshi, na mle ndani matawi yanavunjika. Sikuita. Nilinyata mpaka nikaikamata nguo yake, na mpaka leo nikisikia kuni inakatika moyo unaniruka.

Sasa ningerudi kuomba zamu niliyoigawa mwenyewe mbele za watu? Nilishindwa. Nikachukua kamba ya ndama, nikaizungushia kitenge changu cha harusi isimchubue, nikafunga kwenye nguzo ya baraza. Nilipima. Inafika kivulini, inafika kwenye maji. Nisingeweza kumfunga mwanangu ovyo ovyo. Nilijiambia ni msimu wa kupanda tu. Maharage sasa yanatoa maua na kamba bado ipo.

Kilichonikosesha usingizi ni Mama Daudi. Huyu yuko kikundini, anakaa karibu na msitu kuliko mimi. Alinifuata tukitoka kanisani akaniambia, "Dada, mimi wangu nilikuwa namtilia kufuli nikienda shamba. Nilivyosikia wewe umeweza, nimelitoa." Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mwenzangu." Sauti ilinitetemeka, akadhani ni furaha, akanikumbatia. Na tembo wanashuka kwenye mahindi kila siku.

Basi wamenichagua, na wanakuja kujifunza kwangu. Wanataka nivae gambuti, nichukue jembe, nimuage mtoto, waone anavyotulia. Ndugu zangu, nikivaa gambuti tu Elina anakwenda mwenyewe nyuma ya mlango. Anachukua kamba, ananiletea kwa mikono miwili, anakaa chini, ananyoosha mguu. Mpangilio uleule kila siku. Kaushika kuliko mtoto yeyote wa kikundi, na kwa hili siwezi kujisifu.

Juzi niliificha nijaribu. Aliitafuta nyumba nzima, akagonga kichwa ukutani mpaka paji likavimba. Nikampigia magoti namwambia leo hakuna, mama, leo hakuna. Akatoka uani, akavuta khanga yangu kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaniletea hiyo. Akakaa. Akanyoosha mguu.

Mume wangu hajui, anajua kuna zamu. Ninaogopa wakiona watanipeleka ustawi wa jamii nichukuliwe mtoto wangu, maana huyu bila kushika sikio langu halali. Ninaogopa pia uso wa Mama Josefa, aliyepanda kile kilima miaka yote hiyo. Kuna sauti inaniambia niseme Elina ana homa, waahirishe. Lakini nikinyamaza, nitamwambia nini Mama Daudi siku mwanawe atakapofuata njia ya msitu asirudi? Sauti nyingine inaniambia nishuke kilima leo hii, nimwambie Mama Josefa kila kitu, nimwombe zamu niliyoikataa. Nimeshavaa viatu mara mbili, nimevua.

Waliowahi kufika hapa nilipo waniambie, ningekuwa dada yenu mngenituma wapi? Mkinisema nisemeni taratibu, ila msichelewe. Makande nimeshayachagulia maharage, kwangu watakula vizuri, hilo halina ubishi. Leo ni Alhamisi. Wanakuja wote, na Mama Daudi na mtoto wake, Jumamosi asubuhi.