Sista Aliyemwaga Maji ya Baraka

Alizaliwa mwaka 1951, kitindamimba wa mwashi na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyojaa vumbi la saruji. Nyumbani walimwita Kidomo, kwa kuwa aliuliza maswali hata katikati ya sala. Watawa waliompokea ujanani waliendelea na jina hilohilo, wakatanguliza tu Sista. Alisomea uuguzi, akapangiwa wodi ya saratani, akadumu humo maisha yake yote. Aliwapenda wagonjwa kupita kiasi, na tuseme bila kumung'unya maneno kwamba upendo huo ndio uliomponza.

Kwa kuwa wagonjwa wengi hawakuwa na nguvu ya kufika kanisani, Sista Kidomo aliweka bakuli la maji ya baraka mlangoni mwa wodi. Kila aliyeingia alichovya vidole, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaenda kumshika mgonjwa wake mkono. Maji yalipopungua, Sista aliongeza mengine juu ya yaleyale. Kuyamwaga aliona ni kukosa adabu.

Mwaka 1994 homa ikazuka wodini. Matibabu ya saratani yalikuwa yamewapunguzia wagonjwa kinga, na bakteria wenyewe walikuwa sugu, sindano za kawaida haziwatikisi. Wagonjwa wawili wakazikwa. Kisha homa ikamshika mshonaji mmoja mwenye saratani ya damu, mama wa mapacha wadogo. Daktari alimweleza mama yake waziwazi kwamba imebaki dawa moja tu ya akiba, nayo haitafaa kitu ikiwa binti yake ataendelea kuambukizwa upya. Mtaalamu wa maabara akapita akichukua sampuli kwenye masinki, vitasa na vitanda. Sista mwenyewe ndiye aliyemwonyesha bakuli.

"Na hili pia, kaka. Usiliogope."

Majibu yalipotoka, bakteria walewale walikuwemo.

Sista alilia sana. Kisha akajifuta uso, akalibeba bakuli mbele ya wagonjwa wote. "Mimi ndiye niliyeliweka hapa. Nisameheni, ndugu zangu." Mlangoni akakutana na padre wa hospitali, amefura kwa hasira.

"Sista, unamwaga baraka za Mungu?"

"Baraka haimwagiki, Padre. Nipishe, mtoto wa watu anakufa humu ndani."

Padre akampisha. Sista akayamwaga maji kwa heshima kwenye udongo wa bustani, na palepale lilipokaa bakuli akaweka ndoo yenye koki na sabuni. Wapo waliomnunia, na wengine wakamshtaki kwa askofu. Yeye akasimama mlangoni kama askari, hata daktari mkuu akarudishwa kunawa. Homa ya mshonaji ikashuka. Akaketi kitandani, akadai chai yenye sukari nyingi. Daktari alisema ni dawa, mama yake akasema ni Mungu, naye Sista hakuona sababu ya kuwagombanisha. Homa ile haikumpata mgonjwa mwingine, na twalisema hili kwa shangwe!

Mwaka 2016 saratani ilimlaza Sista katika wodi hiyohiyo. Padre yuleyule, sasa mvi tupu, alikuja kumpaka mafuta matakatifu. Watawa walikuwa wamepiga magoti wakilia. Alipomwinamia, Sista alifumbua jicho moja.

"Padre, umenawa?"

Padre akarudi mlangoni, akanawa hadi viwikoni. Watawa wakacheka na machozi yao, na mgonjwa akacheka pamoja nao. Jioni alifariki. Kanzu aliyozikwa nayo ilishonwa na yule mshonaji, na jeneza likabebwa na mapacha wake, wanaume wazima.

Tumwige basi, sisi ambao ni wepesi wa kutenda mema na wazito wa kukiri kwamba wema wetu umeumiza. Na anayetaka Sista Kidomo amwombee, amwite bila woga. Ila akienda kumwona mgonjwa, anawe kwanza.