Managu ya Siku Tatu

Mtu akikuambia Filister wa Kosele alikuwa mke mpole, jua hakuwahi kununua mboga kwake. Ole wako upapase managu yake halafu uondoke bila kununua! Lakini mwaka ule wa tisini na sita, mama huyu mkali alishindwa na sahani moja tu, ya mumewe Nicanor.

Nicanor alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda cha mguu kilikataa kupona tangu Krismasi, na nesi wa zahanati hakumficha. "Mzee, achana na ugali wa unga mweupe. Kula mtama na mboga za majani, ama mguu huu utakatwa."

Nicanor akacheka. "Mtama? Chakula cha kuku! Mimi niliyekuwa karani wa pamba?" Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa, akabembelezwa, na bado akakataa. Hata shambani ilikuwa hivyo hivyo. Kwa desturi ya Wajaluo mwenye boma ndiye hupanda mbegu ya kwanza, wengine wakafuata, na kwa miaka kumi Nicanor alikuwa akipanda mahindi matupu.

Basi Filister, kwa hofu, akapika mbio mbio. Managu aliyochuma asubuhi ilikuwa mezani mchana, na kando yake mtama mzima wa kuchemsha. Nicanor akaonja, akasukuma sahani.

"Mama Linet, unanipa mboga ya siku moja? Kwani mimi ni mpita njia?"

Na hapo, tuseme ukweli, mzee alikuwa na haki. Mjaluo gani anaandaliwa managu ya siku moja? Uchungu wake hukaa kooni hadi jioni. Filister alienda nyuma ya nyumba akalia. Aliogopa kubaki mjane.

Kesho yake akafuta machozi, akateremsha chungu cha marehemu mama mkwe. Siku ya kwanza alichemsha managu, akamwaga maji machungu, akatia maziwa. Siku ya pili akaongeza maziwa na kupasha tena kwa moto mdogo. Siku ya tatu akachanganya humo mtama mzima, ambao ulilala majini usiku kucha kisha ukachemka hadi punje zikapasuka. Harufu ilimfikia jirani yao Javan, akaja kuazima jembe. Jembe lake lilikuwa zima kabisa.

"Ugali uko wapi?" Nicanor akauliza.

"Uko dukani, Baba Linet."

Akanuna, akala kijiko kimoja. Akala cha pili.

"Hii ni ya mama," akasema.

"Chungu ndicho cha mama. Mikono ni yangu."

Alikwangua sahani mpaka Javan akakata tamaa, akarudi kwake bila jembe. Filister hakusema neno, maana alimjua mumewe. Ukimsifu tu, anageuka. Akaendelea kupika vile vile wiki baada ya wiki, na kidonda kikaanza kukauka pembeni.

Mvua ya Machi iliponyesha, Filister aliamka akakuta kitanda kitupu. Akatoka, akamwona Nicanor shambani, mguu umefungwa kitambaa safi, ameegemea fimbo, mkebe mkononi. Mahindi tena, yarabi! Akamwendea amejaa maneno. Akachungulia ndani ya mkebe, akaona punje ndogo nyekundu, mtama wa jikoni kwake.

"Usinitazame hivyo," Nicanor akasema. "Mbegu ya kwanza nimeshapanda. Sasa panda wewe, upande mpaka mtoni."

Filister akalia tena, safari hii palepale mbele ya majirani. Halafu akamnyang'anya ule mkebe, maana mzee alikuwa akimwaga punje nyingi mno kwenye shimo moja.