Ala za Bastola za Darsait

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa karakana alinikabidhi bastola ya mti. Nilidhani ni ya watoto kuchezea. Karakana ilikuwa Darsait, mtaa wa mji mmoja wa Kiarabu, nami niliajiriwa kupokea maagizo ya ala za bastola, ile mifuko ya ngozi inayovaliwa kiunoni. Bastola zenyewe hazikuruhusiwa kuletwa kwetu, basi kila aina tuliichongea mfano wake wa mti. Ngozi hulowekwa, ikalazwa juu ya mti ule, ikakandwa kwa vidole mpaka ishike umbo, kisha huachwa kivulini ikauke. Hapo tena hutobolewa kwa msharasi na kushonwa kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta.

Mkuu alikuwa mkali. Alizaliwa Unguja kama wazee wangu, na mshono ukienda upande aliufumua mbele yako huku akikuuliza asubuhi umekula nini. Nilimwogopa na nilimpenda. Sijaona tena mikono kama ile.

Alikuwa na desturi yake. Mteja hakupimwa akiwa amesimama tu; sharti avue viatu, akae mkekani, apewe kahawa. Wanaume wa hapa hula chini na huzungumza chini, na ala iliyokukaa vizuri ukiwa wima huweza kukuchoma mbavu ukikaa.

Kisha zikaingia ala za plastiki kutoka kiwandani Rusayl. Maagizo yakapungua, Mkuu akaanza kuzungumzia kufunga. Nikamwandama afisa manunuzi wa kikosi kimoja cha ulinzi, naye mtu wa asili ya Unguja, mpaka akakubali kuja. Agizo lake lingetuokoa.

"Kaa, Afande," Mkuu alimwambia.

"Nna haraka, Mzee."

"Basi kahawa uinywe upesi. Lakini uinywe umekaa."

Afisa akacheka, akavua mabuti, akakaa na ala yetu kiunoni, bastola ya mti ndani. Alipoinama kuchukua tende, bastola ikapanda, ikateleza, ikaanguka mkekani. Nikafungua mdomo niseme mkanda umelegea, Mkuu akanitangulia.

"Mdomo wa ala hii nimeukata vibaya. Usiichukue."

"Mzee, unajua wa Rusayl wananisubiri?"

"Najua. Na hii usiichukue."

Afisa akaondoka bila ya kuagiza. Nililia waziwazi. "Umetufungia mlango, Mzee," nilimwambia.

"Ungempa mwanao aivae?" aliuliza, akachukua kisu akaanza kukata ngozi nyingine, safari hii akiulaza mdomo mbele kidogo.

Afisa alirudi baadaye, akaivaa ile mpya, akakaa, akainama, akajigeuza huku na huku. Bastola haikutikisika.

"Kila anayeniuzia ananambia chake hakina kasoro," alisema. "Wewe tu uliyenitajia yako. Nnakuletea vijana wangu wote uwapime."

Akawaleta kweli. Mabuti yalijaa mlangoni hata wateja wengine wakakosa pa kupita, na Mkuu akawa anagombana na kila mmoja kuhusu soksi zake.

Mkuu ametangulia mbele ya haki, nami nimestaafu. Vijana wanaofungua maduka huniuliza nikiwaambia nini wateja hata wakarudi. Nawajibu kuwa maneno yaliyotuokoa hayakuwa yangu. Yalikuwa "usiichukue", na yaliposemwa nilikuwa nimesimama pale pale na sinia la kahawa, nikimwomba Mungu amnyamazishe.