Kipara Ndani ya Chumba cha Giza

Shemeji yangu, mume wa dada, kazini tunamwita Nukta, kwa sababu kwake namba isiyo na nukta ni uvivu mtupu. Tunafanya kazi moja: kupima vihisi, vile vijipande ndani ya kamera vinavyopokea mwanga. Unaweka kihisi mbele ya taa, unasoma namba. Ukiongeza mwanga mara mbili, namba nayo ipande mara mbili. Isipopanda hivyo, kihisi ni kibovu.

Chumba chenyewe kimepakwa rangi nyeusi mpaka dari. Tunavaa makoti meusi na glavu nyeusi, saa tunavua mlangoni. Nukta aliwahi kuziba skrubu ya kitasa kwa utepe mweusi, halafu akanigeukia mimi.

"Humu ndani usicheke," alisema. "Meno yako yananiharibia vipimo."

Wiki iliyopita vihisi arobaini vikamtia wazimu. Kwenye mwanga mdogo, namba safi. Kwenye mwanga mkubwa, pale panapotakiwa mia nane, inakuja mia nane ishirini na sita. Vyote arobaini! Vilikuwa vimeunganishwa na mama mmoja wa karakana ya chini, mkimya, makini, aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nukta hakuuliza wala hakungoja. Akachukua fomu ya vihisi vibovu, na kwenye sehemu ya sababu akaandika: uzembe wa fundi. Fomu ile ikimfikia mkuu wa karakana saa kumi, yule mama hana kazi.

Roho iliniuma. Nukta alipokwenda msalani nikapima kimoja mwenyewe. Mia nane. Nikarudia. Mia nane kamili. Akarudi, akainama karibu na taa kama afanyavyo kila mwanga unapoongezwa, na namba ikaruka. Nikamtazama vizuri. Jamani! Alikuwa amenyoa kipara siku chache tu kabla, na dada yangu, kwa mapenzi yake, alikuwa akikipaka mafuta kila asubuhi.

"Shemeji, hebu inuka."

"Kuna nini?"

"Inuka tu." Mia nane. "Haya, inama." Mia nane ishirini na sita. "Geuka kushoto kidogo." Mia nane thelathini na moja.

"Unanichezea wewe?"

"Nikuchezee nini? Kichwa chako ni taa ya pili."

Alibisha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukakipima kichwa kile mara kumi na moja: kikiwa kimefutwa, kikiwa na mafuta, kikiwa ndani ya soksi yangu nyeusi. Kilipoingia kwenye soksi, mia nane. Akakaa chini.

Saa kumi kasoro robo. Nilidhani ataichana fomu na kusingizia mashine. Mimi ningefanya hivyo, sioni aibu kusema. Yeye akayapiga mstari maneno yake ya kwanza, akaandika: kipara cha mpimaji, kina mafuta. Akatia sahihi, akashuka nayo mwenyewe mpaka kwenye meza ya yule mama, mafundi wote wakitazama.

"Mama, nimekukosea," alisema. "Kosa ni hili hapa." Akainamisha kichwa.

Yule mama akaisoma fomu mara mbili. Akavuta droo, akatoa kipande cha msasa.

"Usiinuke, baba," akasema. "Nikutoe mng'ao."