Viatu Juu ya Kichwa

Ami Oumouri, mdogo wa baba yangu, alianza kushona kofia kijijini Ambanoro mwaka 1977, aliponitoa Mahajanga baada ya fujo zilizomuua baba. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Mali aliyotoka nayo ni mkasi wake mdogo na picha moja ya mchezaji wa mpira, mojawapo ya zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za chingamu.

Kiwanda kilikuwa kimeikata vibaya: juu ya kichwa cha mchezaji vilining'inia viatu vya mwenzake wa picha ya jirani. Watoto wa mtaani waliicheka picha ile. Ami aliifuta vumbi tu, akairudisha mfukoni.

Nilipokwisha kuwa mtu mzima akaja Mfaransa mmoja aliyefikia kisiwa cha jirani, Nosy Sakatia, mkusanyaji wa picha kama hizo. Nikamtafsiria ami maneno yake: zilizonyooka zimejaa tele, hii ina thamani kwa sababu ya kosa lake. Fedha aliyotaka kutoa ingetufikisha Mahajanga na kuturudisha, tukamsomee baba dua kaburini. Kaburi hilo nilikuwa sijaliona, na nililitaka kuliko kitu chochote.

Ami alitabasamu. "Mnunuzi akisifu kasoro, mwanangu, anakusitiri tu."

Mgeni alirudi Ijumaa baada ya sala. Ami akamkabidhi picha iliyonyooka pande zote. Viatu havikuwapo. Ami hatoi kofia mkononi mwake kabla ya kupunguza nyuzi zilizochomoza, basi nilijua mkasi umefanya kazi. Mgeni aliigeuza picha, akaigeuza tena, akairudisha kwa upole na kwenda zake.

Nilikasirika, sifichi. "Ami, mkasi wako umekula safari yetu."

Ami alivua kofia yake, akafumua mshono, na katikati ya vitambaa viwili akatoa kijikaratasi chembamba. Ni vile viatu.

"Baba yako alipoviona alicheka mpaka akakaa chini," alisema. "Sikumsikia akicheka tena. Nikadhani mgeni hana haja na kipande hiki, nikabaki nacho mimi."

Nikakichukua. Nilikuwa bado na hasira, lakini viatu vile havikuwa na mtu, vilining'inia tu hewani, na kicheko kikanitoka. Nilijaribu kukizuia, nikashindwa, nikajikuta nimekaa sakafuni.

Ami aliweka sindano chini, akanisikiliza.

"Hivyo hivyo," alisema.