Viganja vya Muuguzi wa Dripu

Muuguzi wa chumba cha dripu hamgusi mgonjwa kabla hajabana viganja kwapani vikapata joto. "Mishipa ya mama ina haya," huniambia, "ikiguswa na baridi inajificha." Mama ana saratani ya ovari iliyosambaa tumboni, na kila akija humuuliza muuguzi, "Mwanangu, si mngenipasua kwanza yaishe?" Mimi bintiye swali hilo limeshanichosha, yeye hujibu kama ameulizwa leo tu: "Dawa iusinyaze uvimbe kwanza, mama, daktari aweze kuutoa wote." Leo tumeambiwa umesinyaa, na kesho mama anapasuliwa. Hakuna dripu ya kutundika, hakuna mshipa wa kutafuta. Muuguzi alisimama mlangoni, viganja kwapani, mpaka vikapata joto. Kisha akaja kumshika mama mkono.